Ombi la Kupotezewa Faili Langu la Wizi wa Kiti

Kwa Mkuu wa Masjala,
Ofisi ya Kumbukumbu za Makosa ya Jinai.

Ndugu Mkuu wa Masjala,

KUHUSU: KUPOTEZEWA FAILI

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama mimi ndiye mkubwa, basi yako nitaipokea siku tukionana.

Mimi ni fundi cherehani, mume wa mke mmoja, baba wa binti mmoja, na mwizi wa kiti kimoja. Nimejitaja kwa mpangilio huo makusudi, maana watu wengine wote huanzia mwisho na hawafiki mwanzo.

Naandika kwa heshima na kwa wino mweusi, kama inavyotakiwa, kuiomba ofisi yako inipotezee faili langu. Siombi msamaha, kifungo nilikwisha kukitumikia. Wala siombi lichanwe au lichomwe moto, hilo lingekuwa kosa jingine na sipendi kukuponza. Naomba lipotee tu, kwa utaratibu wa kawaida, kama yanavyopotea mafaili ya watu wasio na hatia.

Miaka minne iliyopita nilikwenda ofisi ya vizazi na vifo kumtafutia binti yangu cheti cha kuzaliwa. Karatasi ya hospitali ililiwa na mchwa, na faili lake halikuonekana. Nikaambiwa njoo kesho. Nikaenda kesho, na kesho yake, na kesho iliyofuata. Ukumbi ule una madirisha matatu, foleni moja na kiti kimoja. Kiti chenyewe ni cha mbao, mguu mmoja mfupi, umewekewa boksi lililokunjwa. Sheria ya foleni, ambayo hakuna aliyeiandika lakini kila mtu anaiogopa, ni kwamba aliyekalia kiti ndiye anayefuata dirishani.

Siku ya tano, saa tisa na dakika ishirini alasiri, nikakipata. Nikaketi. Ndugu Mkuu, sijawahi kuketi vile maishani mwangu. Saa tisa na nusu karani akavuta pazia la dirisha, akasema, "Tumefunga, baba. Kesho." Nikamuuliza, na nafasi yangu je? Akanijibu, "Nafasi yako si hiyo umeikalia?"

Mimi ni mtu wa kufuata maelekezo. Kama nafasi yangu ndiyo ile niliyoikalia, nisingeiacha pale wakaamka nayo wengine. Nikasimama, nikaibeba begani, nikashika njia ya nyumbani, nia yangu nirudi nayo asubuhi. Getini askari akaniuliza, "Mzee, na hicho kiti?" Nikamjibu, "Hiki si kiti, ni nafasi yangu." Jibu hilo lilisomwa mahakamani mara mbili, na mara zote mbili hakimu alivua miwani akajifuta macho.

Nikapewa miezi mitatu. Niliitumikia yote, nikishona sare za wafungwa. Nyapara aliponiuliza nimeingia kwa kosa gani, nikamwambia kiti. Akauliza, "Na nani alikuwa amekikalia?" Nikamwambia mimi mwenyewe. Tangu siku hiyo alinitengea pa kulala peke yangu, karibu na ukuta, akawaonya wenzangu wasinishtue.

Nilipotoka nilidhani adhabu imekwisha. Kumbe ile miezi mitatu ilikuwa salamu tu, mazungumzo yenyewe yalikuwa yananingoja nje. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kunyimwa pa kukaa.

Nikiingia katika nyumba ya mtu, viti vyote vinapata wenyewe ghafla. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana viti vitano sebuleni. Akiniona naja anawaita watoto waache mchezo waje wakae, wanatweta na jasho linawatoka, mmoja mmoja juu ya kiti chake, wananitazama. Mimi natandikiwa mkeka. Anasema, "Shemeji, wewe bwana si mtu wa makuu."

Jirani yetu alipofiwa, bwana aliyesimamia viti vya kukodi alivihesabu nilipoingia, vikawa sabini. Nilipotoka kidogo kujisaidia, akavihesabu tena. Nilipoaga, akavihesabu mara ya tatu, kwa sauti, mbele ya marehemu. Safari hiyo vilikuwa sabini na kimoja. Ungetarajia waniombe radhi. Nikasikia wanawake wawili nyuma yangu wananong'ona, "Maskini, ameanza kurudisha."

2. Jina.

Nilipofika mtaani kutoka gerezani, nilikuta jina langu jipya limetangulia. Ninaitwa Mwenyekiti. Bombani wanawake wananisalimu, "Mwenyekiti hajambo?" Muuza vocha ananiita Mwenyekiti. Mke wangu mwenyewe, tukikasirikiana, ananiita Mwenyekiti, na tukipatana ananiita Mwenyekiti kwa sauti nyingine.

Ningelivumilia, lakini mtaa wetu unaye mwenyekiti wa kweli, wa kamati ya maji, mzee mstaafu anayetembea na kalamu mbili mfukoni. Mikutanoni mshereheshaji akisema, "Sasa namkaribisha Mwenyekiti atoe neno," watu wote wananigeukia mimi na kuvunjika mbavu, na mzee wa watu anabaki amesimama na karatasi yake. Tena wageni wakiulizia nyumba ya mwenyekiti, wanaelekezwa kwangu. Wanaingia, wanaanza kueleza shida zao papo hapo, na hadi nipate nafasi ya kusema kwamba mimi si huyo, wamekwisha kulia na mke wangu amekwisha kuwapa chai. Kwa njia hiyo nimesuluhisha ndoa tatu na ugomvi mmoja wa ukuta.

Mzee wa kamati amekasirika, na ana haki. Amesimama mkutanoni akatamka kwamba nimemchukulia kiti chake. Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, sasa mtaani nashtakiwa kwa kiti cha pili.

3. Vitu vya watu.

Chochote kinachopotea umbali wa hatua mia tano kutoka mlangoni kwangu kinaulizwa kwangu. Hawaji kwa ukali, ningejua la kuwajibu. Wanakuja kwa adabu. "Fundi, hatusemi ni wewe, Mungu atuepushe. Ila ukiuona mwiko wetu, uuambie tunautafuta."

Jirani wa nyuma alipotelewa na jogoo. Akaja na wifi yake wakaomba wachungulie chini ya kitanda changu, "kuondoa wasiwasi tu." Wakachungulia. Walikuta viatu vya mke wangu na vumbi, wakatuzungumzia vumbi. Siku ya pili jogoo akarudi mwenyewe, akapita uani kwangu, akasimama mlangoni akawika mara moja. Katika mtaa mzima ni yeye peke yake aliyekuja kuniomba radhi.

4. Fomu.

Shule moja ilitangaza kutafuta fundi wa sare. Sare naziweza, nimezishona hadi kwa serikali. Nikajaza fomu. Swali la tisa linauliza: Umewahi kutiwa hatiani? Kuna kisanduku cha Ndiyo, kisanduku cha Hapana, na mstari wa maelezo wenye urefu wa sentimita sita. Nimeupima, ndiyo kazi yangu. Habari za kiti changu, kama ulivyoona hapo juu, hazitoshi sentimita sita. Nikaandika kwa kifupi: "Nilichukua kiti cha serikali, nikakamatwa getini."

Mwalimu mkuu akasoma. Akasimama. Akafunga mlango, akaufungua tena haraka. Kisha akanisindikiza hadi nje akiwa amenishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, hapa tunafundisha watoto tu. Sisi siasa hatuna."

Zikapita wiki mbili wakanijia mabwana wawili wenye miwani myeusi na mkoba, wakasimama kando ya cherehani. Mmoja akaniambia, "Tumesikia ulikaribia." Nikamwambia ndiyo, nilifika getini. Akauliza nilitumia watu wangapi. Nikasema nilikuwa peke yangu, mchana, na nilipitia mlango wa mbele. Wakatazamana kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwa suti yoyote niliyoshona. Nikajaribu kuwafafanulia kwamba kiti chenyewe kilikuwa kibovu, mguu mfupi, kimeegemezwa na boksi. Wakatikisa kichwa wakasema ndiyo, wanajua, hata wao wameliona hilo, na ndiyo maana wanahitaji mtu kama mimi.

Niliwashonea vifungo viwili vilivyolegea, wakaenda zao. Tangu siku hiyo kuna gari huwa linaegeshwa mkabala na kibanda changu. Aliyemo ndani anasoma gazeti lile lile.

5. Binti yangu.

Hapa, Ndugu Mkuu, naomba uache kucheka, kama ulikuwa unacheka.

Binti yangu amepata mchumba. Kijana ni fundi bomba, mikono yake migumu na maneno yake machache. Ananiita baba bila kumeza mate kwanza. Mimi na mama yake tumempenda. Basi wazee wake wakaja nyumbani kujitambulisha, watu wanane, wakiongozwa na mjomba wake na shangazi yake. Nilikuwa nimekopa viti kwa majirani, na majirani walikuwa wamekuja kuvilinda, kwa hiyo nyumba ilijaa.

Wageni hawakuketi. Saa mbili nzima walisimama kando ya viti, kama watu waliokuja kupiga picha. Mjomba alizungumza maneno mazuri ya kuunganisha koo mbili, huku akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi mguu ule. Mke wangu alipowabembeleza waketi angalau wanywe soda, mjomba akasema, "Shemeji, tusamehe, hatukalii mali ya umma." Shangazi, yeye alikuwa ameinama kitambo. Alikwisha kuinua mto wa kochi langu, akachungulia chini kutafuta ile namba ya rangi nyeupe wanayoandika kwenye samani za ofisi. Kochi lile nililinunua mwaka niliooa. Alikuta sindano yangu niliyoipoteza zamani, ikamchoma.

Waliondoka na sharti moja: baba wa bibi harusi alete cheti cha tabia njema. Bila hicho, hakuna ndoa.

Walipotoka nilikaa uani. Nikamwambia binti yangu anisamehe, nimemharibia. Akaja akachuchumaa mbele yangu, akaniambia, "Baba, wewe ulikwenda siku tano. Mimi ningechoka siku ya pili." Akaingia ndani kuosha vikombe. Nilimsikia anaviosha muda mrefu sana, vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea.

6. Na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kesho yake nilikuja ofisini kwako kuomba hicho cheti cha tabia njema. Nilikuja nimebeba chakula cha siku tano, maana mimi si mgeni wa ofisi. Nikataja jina langu. Karani wako akasema, "Subiri." Akaenda, akarudi. Dakika mbili! Faili langu lilikuwa mkononi mwake, ndani ya jaladi la plastiki, halina vumbi wala kona iliyokunjika, na kando yake nakala mbili. Akasoma, akanitazama, akasema, "Kiti?" Akawaita wenzake waje wanione.

Ndugu Mkuu, binti yangu ana miaka ishirini na miwili. Anakula, anacheka, anavaa viatu saizi thelathini na nane. Serikali kwa miaka ishirini na miwili haijaweza kugundua kwamba alizaliwa. Lakini kwamba mimi nilibeba kiti hatua arobaini, hilo inalijua kwa nakala tatu. Faili la kiwanja cha marehemu baba yangu lilipotea. Faili la pensheni ya mama mkwe lilipotea, likaonekana, likapotea tena kwa furaha. Nasikia mafaili ya wakubwa waliochukua vitu vizito kuliko kiti hupotea yenyewe, hata bila kuandikiwa barua. Mimi nimeandika barua.

Kwa hiyo siombi upendeleo. Naomba usawa. Nitendeeni mimi mhalifu kama mnavyowatendea raia wema.

Kama ofisi yako haina uzoefu wa kazi hii, napendekeza faili langu likabidhiwe kwa muda kwa karani wa dirisha namba tatu, ofisi ya vizazi na vifo. Asielezwe lolote. Aambiwe tu kwamba ni muhimu na kuna mtu analisubiri. Njia hiyo ikishindikana, liwekwe juu ya kabati lenye maandishi ya "Haraka Sana". Na shangazi wa kijana akija kuliulizia, naomba mumpe jibu nililopewa mimi, kwa upole ule ule: njoo kesho.

Nisalimie makarani wako wote, hasa yule wa dakika mbili, mwambie kipaji chake kinanitisha. Nisalimie hakimu, kama mnaonana. Suruali yake ilikuwa ndefu kwa nyuma, nilitamani kumwambia siku ile ila haikuwa zamu yangu kusema. Salamu kwa askari wa getini, na kwa nyapara kama bado yuko ndani, na kwa mama anayefagia ukumbi. Mke wangu anakusalimu. Mwenye gari la gazeti naye, nilipomwambia nakuandikia, ameinua mkono.

Ndimi wako mtiifu, na utiifu huu nilifundishwa na serikali yenyewe kwa miezi mitatu,

Fundi cherehani,
kibanda cha pili baada ya kinyozi.

Nyongeza:

Ndugu Mkuu, usitekeleze lolote katika hayo niliyoandika hapo juu. Nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha, ikabidi niifungue kwa mvuke wa birika.

Mkwe wangu mtarajiwa amekuja sasa hivi anakimbia, amelowa hadi kiunoni. Asubuhi ya leo aliitwa kuziba bomba lililopasuka katika masjala yako. Pengine umeziona buti zake. Walipokuwa wanaokoa mafaili yasilowe, alipewa rundo abebe, na la juu kabisa likawa langu. Anaapa kwamba hakulifungua, lilifunguka. Na hakutoka na kitu, nimemkagua mwenyewe.

Ukurasa wa nne ni utetezi wangu. Nilikuwa nimesahau nilisema nini siku ile. Kumbe hakimu aliponiuliza kama nina la kusema kabla ya hukumu, nilimweleza kwamba nina binti mmoja. Nikataja jina lake kamili, na la mama yake, na tarehe aliyozaliwa, siku ya Alhamisi, mvua inanyesha, na jina la mkunga. Na yule hakimu, Mungu ampe maisha marefu, aliandika neno kwa neno, hadi mvua, akapiga muhuri wa serikali.

Kabla ya kufika kwangu kijana alikuwa amekimbia nayo habari hiyo hadi kwa msajili wa ndoa. Maana hata wazee wake wangekubali, msajili alikuwa amekataa kufungisha ndoa ya mtu asiye na karatasi yoyote ya kuonyesha alizaliwa. Msajili amesema ukurasa ule, ukiwa na muhuri, unatosha. Katika serikali nzima ni mahali pamoja tu palipoandikwa kwamba binti yangu yupo. Shangazi naye amesimuliwa. Kijana anasema aliuliza, "Kumbe alikuwa anamtafutia mtoto cheti?" Sharti lake la tabia njema halitaji tena. Ameagiza nimpime nguo ya harusi, na isimbane kwapani.

Ndoa ni Jumamosi ya wiki ijayo. Naomba nakala moja ya ukurasa wa nne, yenye muhuri unaosomeka. Binti yangu atakuja kuichukua mwenyewe. Utamjua, ana pua yangu.

Barua hii ndiyo uipoteze. Faili, tafadhali sana, litunze.